Kipande cha Bibi Maximilla

Katika Mtaa wa Kumbanga, mjini Kasulu, asubuhi haikuanza kwa chai. Ilianza kwa ndoo. Immakulata, ambaye kila mtu alimwita Imma, aliamka ukungu ukiwa bado juu ya migomba, akajifunga kanga kiunoni, akachukua ndoo na ngata, akashika njia ya bondeni. Maji ya chemchemi yalikuwa matamu, hilo hakuna aliyebisha. Lakini chemchemi yenyewe ilikuwa chini kabisa ya kilima, na kilima kile ulikishuka ukicheka na kukipanda ukinung'unika.

"Mwakeye, Imma!" alimsalimia jirani yao, mzee Dadi, aliyekuwa akifungulia mbuzi wake.

"Mwakeye, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Kimbia, mwana wanje, mwanangu, foleni ya leo ni ndefu."

Foleni haikuwa na siku fupi. Imma alisubiri, akateka, akapanda kilima shingo ikiwa ngumu, akamfikishia maji bibi yake, Bibi Maximilla, kisha akakimbilia shuleni na kiazi mkononi. Langoni alimkuta Mwalimu Ghati, mama mrefu aliyehamia Kasulu kutoka Tarime na ambaye hakuwa na mazoea ya kutania asubuhi.

"Maji tena, Imma?"

"Maji, Mwalimu."

"Pole. Lakini hesabu tumeshamaliza. Na mtihani wa darasa la saba hautakuuliza habari za foleni."

Imma alipenda hesabu kuliko somo lolote, na kipindi cha hesabu ndicho kilichokuwa cha kwanza. Kila siku kilimpita. Bibi hakuweza kumsaidia, kwa maana wakati wa mvua za mwaka uliotangulia alianguka na ndoo kwenye mteremko ule, akaumia goti, na tangu hapo alitembea kwa mkongojo. Nyumba ile walikuwa wawili tu.

Basi fikiria furaha ya Imma siku ile mwenyekiti wa mtaa, Bi Philomena, alipoitisha mkutano. Bi Philomena alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kutosha mtaa mzima, na siku hiyo aliitumia yote.

"Jamani, zamu yetu imefika! Halmashauri inatujengea tangi kule juu, inatuletea mabomba na fundi. Bomba la mtaa litakaa hapa hapa tuliposimama. Sehemu yetu sisi ni nguvu za wananchi. Tunachimba mtaro, kuanzia kwenye tangi hadi hapa. Kila nyumba kipande chake. Jumamosi gari la mabomba linakuja. Mtaro ukiwa tayari, bomba linalazwa. Usipokuwa tayari hadi jioni, gari linaondoka na mabomba yake kwenda mtaa unaofuata, nasi tutabaki na ndoo zetu hadi Mungu apende. Mmesikia?"

"Tumesikia!"

Fundi Gasper, kijana mpole aliyevaa kofia ngumu ya njano, aliinua fimbo iliyokatwa sawasawa, inayomfika Imma kiunoni. "Kipimo ni hiki," alisema. "Ukiisimamisha ndani ya mtaro, ncha yake isichungulie nje. Ikichungulia, endelea kuchimba."

Vipande vikagawanywa. Kipande cha Bibi Maximilla kikaangukia Kona ya Malori, mahali ambapo malori ya maharage kutoka Kitanga hukata kona kuelekea sokoni, yakitimua vumbi jekundu hadi kwenye sufuria za watu.

Kuna jambo moja la Kumbanga ambalo halikuandikwa popote, lakini hata mtoto anayetambaa alilijua. Mtu mwenye kazi kubwa huwaita majirani, na majirani huja na majembe yao bila maneno mengi. Ila anayeita sharti awe na mtungi: pombe ya ndizi kwa watu wazima, togwa kwa watoto, na chungu cha maharage yaliyoungwa kwa mawese. Kuita watu bila mtungi ni aibu. Miaka ya nyuma mtungi wa Bibi Maximilla ulisifiwa mtaa mzima. Kisha ugonjwa wa mnyauko ukaingia kwenye migomba yake, ikaanguka mmoja baada ya mwingine. Tangu hapo Bibi hakumwita mtu, na goti lilipoumia hakumwita mtu vilevile.

"Nitachimba mwenyewe, Bibi," Imma alisema.

"Wewe na mikono gani?"

"Hii hapa. Inabeba ndoo, itashindwa jembe?"

Bibi alicheka, lakini macho yake hayakucheka.

Imma alichimba kila jioni baada ya shule. Kwenye kipande cha jirani alikuwepo Yusuph, mwanafunzi mwenzake, akichimba na kaka zake na kupiga kelele kuliko kuchimba.

"Imma, unachimba mtaro au unatafuta dhahabu? Ukiipata tugawane, mimi jirani yako!"

"Chimba huko, domo kaya!"

Udongo wa juu ulikuwa laini, na Imma akaanza kujisifu moyoni. Kisha jembe likagonga kitu, likaruka mikononi mwake. Akalipiga tena, likaruka tena. Akafukua kwa vidole na kuona mgongo mweusi wa mwamba, umelala kipande kizima, kama ng'ombe aliyekataa kuondoka njiani. Alipiga mtaimbo hadi cheche zikaruka na viganja vikachubuka. Mwamba haukutoa hata chenga. Na mtaro ulimfika magotini tu.

"Umegonga nini?" Yusuph aliuliza.

"Kijiwe tu," Imma akajibu.

Huo ulikuwa uongo wa kwanza, nao uongo haupendi kukaa peke yake. Imma alijua la kufanya. Ilimpasa aende kwa Bi Philomena, aseme kuna mwamba, watu waitwe. Lakini waitwe na mtungi gani? Akilini alimwona Bibi yake akisimama mbele ya majirani mikono mitupu, akaona ni heri afie kwenye mwamba kuliko aibu hiyo. Mficha maradhi, kifo humuumbua, wazee walisema, ila Imma siku hiyo hakuwa na haja na wazee.

Aliuangalia ule udongo aliouchimba, umerundikana pembeni. Kisha akapata akili mbaya. Kama shimo limekataa kushuka, ukingo si unaweza kupanda? Akausogeza udongo kwenye kingo zote mbili, akaushindilia kwa miguu, akaulowesha kwa maji kidogo ukawa mgumu. Chini akautandaza udongo laini, mwamba ukatoweka. Aliposimamisha kijiti alichokikata kwa kipimo cha fundi, ncha ililingana na ukingo. Hesabu alikuwa anaiweza, masikini, hata pale isipotakiwa.

Ijumaa jioni Bi Philomena alipita na fimbo, akikagua kwa haraka kabla giza halijaingia. Alipofika Kona ya Malori akaisimamisha fimbo, akatazama, akapiga makofi.

"Jamani, njooni muone! Bibi kizee na mtoto wamemaliza kazi, na wengine hapa mna wanaume watatu nyumbani mnasingizia mgongo! Hongera, Imma. Hongera, Bibi Maximilla."

Watu wakapiga makofi. Bibi, aliyekuwa amekuja taratibu kwa mkongojo wake, aliinua kichwa namna ambayo Imma hakuwa ameiona tangu migomba ilipoanguka. Imma alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini ardhi yenyewe pale ilikuwa mwamba.

Watu walipoanza kutawanyika, akamfuata fundi Gasper.

"Fundi, kwa nini bomba liende chini hivyo? Likiwa juu kidogo kuna ubaya gani?"

Fundi hakushuku kitu. Alipenda maswali ya watoto. "Unaona lile gurudumu?" alisema, akimwonyesha lori lililokuwa likikata kona, limejaa magunia hadi linaegemea. "Bomba likiwa juujuu, gurudumu kama hilo litalipasua. Na likipasuka, si maji tu yanayopotea. Maji machafu ya njiani yanaingia ndani ya bomba, mtaa mzima unayanywa. Hapo ndipo utasikia homa ya matumbo, nyumba baada ya nyumba. Ndiyo maana hii kona ndiyo naiwazia kuliko sehemu nyingine zote."

Imma alikumbuka homa ya matumbo. Bibi yake aliwahi kuugua, akakonda hadi pete ikamtoka kidoleni. Alirudi nyumbani, akala ugali wa muhogo bila kujua ameula na nini.

Jumamosi alfajiri hakuchukua ndoo. Alipiga magoti mbele ya Bibi, aliyekuwa akipuliza moto jikoni, akamwambia yote: mwamba, ukingo, udongo laini. Alilia tangu mwanzo hadi mwisho.

Bibi aliacha kupuliza moto. "Mbona hukuwaita watu, mwana wanje?"

"Tungewaita na nini, Bibi? Mtungi uko wapi?"

Neno hilo lilimchoma Bibi. Akanyoosha mkono. "Nipe mkongojo wangu."

"Unakwenda wapi?"

"Tunakwenda. Wewe utasema, mimi nitasimama pembeni yako."

Walipofika kwenye kona, gari lilikuwa limeshafika na mabomba meusi yameviringishwa nyuma, na mtaa mzima ulikuwa umejaa, wenye majembe na wasio na majembe. Watu walikuwa wakiimba. Imma alipanda juu ya ule ukingo wake wa uongo ili aonekane.

"Naomba mnisikilize," alisema. Wimbo ukakatika. "Kipande chetu hakijafika kipimo. Chini kuna mwamba. Nimeupandisha ukingo ili fimbo idanganyike. Bibi hakujua. Nimekosa."

Mtu akacheka akidhani ni mzaha. Fundi Gasper akaruka mtaroni, akapiga mtaimbo chini. Ngaa! Sauti ilisikika hadi kwenye gari, na hakuna aliyecheka tena.

"Yoo!" mzee Dadi akapaza sauti. "Mtoto huyu ametumaliza! Wiki nzima tumevunjika migongo, leo mabomba yanaondoka tunayaangalia!"

"Si angesema jana?" mwingine akadakia. "Jana alipigiwa makofi, akayapokea!"

Bi Philomena hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha Imma zaidi. "Fundi," aliuliza, "hatuwezi kuzunguka?"

"Huku kuna nguzo ya umeme, kule kuna kalavati. Njia ni hii hii. Na mimi nikifika jioni bila mtaro, sina ruhusa ya kuyaacha mabomba."

Manung'uniko yakapanda. Hapo Bibi Maximilla akagonga mkongojo wake juu ya jiwe.

"Kosa la mtoto ni langu pia," alisema. "Mtoto alikwama, hakuita watu kwa sababu nyumba yangu haina mtungi. Aliniona nilivyoona aibu siku zote hizi, akajifunza aibu kwangu. Kama ni kufokea, nifokeeni mimi niliyezeeka."

Mzee Dadi alivua kofia yake, akaikunja, akaikunjua. Nyumba yake na ya Bibi Maximilla zilitenganishwa na ua wa mabua tu, na wiki nzima alikuwa amemwona mtoto akipita na mtaimbo unaomzidi uzito.

"Maximilla," alisema taratibu, "ni nani aliyekudai mtungi? Shamba ni lako, mtungi ni wako. Lakini huu mtaro ni wako? Maji utakunywa peke yako? Mimi jirani yako nilipita hapa kila siku nikasema, 'Aa, kipande cha mwenzangu hicho.' Na mimi nimekosa." Kisha akageuka, sauti yake ikarudi kuwa ya mzee Dadi. "Sasa mnatazama nini? Mawe ya msingi wa zahanati tuliyapasua kwa kitu gani? Si kwa moto? Leteni kuni! Leteni maji!"

Hapo ndipo Kumbanga ilipoamka. Watoto walitumwa kuni, wakarudi wamebeba hadi vigogo vilivyokuwa vikikaliwa na wazee. Mwalimu Ghati alitokea na mzigo wa kuni kichwani, akawapita wanafunzi wake bila kutazama pembeni. Moto ukawashwa juu ya mwamba, mkubwa, na wanaume wakauchochea kwa matawi hadi mwamba ukaanza kubadilika rangi. Wakati huo wanawake na watoto walipanga mstari mrefu kutoka chemchemini, ndoo zikipanda kilima kutoka mkono hadi mkono. Kilima kile kilichowaliza kila siku, siku hiyo walikipanda wakiimba.

Imma alijipanga mahali pa mteremko mkali zaidi. Hakuna aliyemwambia. Yusuph akaja akasimama chini yake.

"Kijiwe tu, eti," alisema.

"Nisamehe, Yusuph."

"Nimekusamehe. Pokea ndoo, nzito hii!"

Makaa yakaondolewa kwa koleo. "Mwageni kwa pamoja!" mzee Dadi akaamuru. Ndoo zikamwagwa, mvuke ukapanda mweupe, watu wakarudi nyuma wakifunika nyuso. Walipoangalia, mwamba ulikuwa vilevile, umelowa tu. Mtu mmoja akaketi chini kwa kukata tamaa.

"Inuka!" Bi Philomena akamwambia. "Hata mtoto mkaidi haambiwi mara moja. Washeni tena!"

Moto wa pili ulikuwa mkubwa kuliko wa kwanza. Maji yalipomwagwa, mwamba ulitoa mlio mkali, paa! Ufa mweusi ukaukata kutoka ukingo hadi ukingo. Kelele zilizopigwa hapo, sokoni walidhani kuna mpira. Vijana wakaingia na nyundo na mitaimbo, wakipokezana, vipande vya mwamba vikitolewa na kurushwa nje, na kila kipande kikubwa kilipigiwa vigelegele vyake. Hakuna mtungi uliopita. Kila mtu alikunywa maji kwenye kikombe chake, na Bibi Maximilla aligawa mihogo ya kuchemsha mwenyewe, akiwatania vijana waliochoka kabla ya wazee.

Jua lilipoanza kuinama, fundi Gasper alimpa Imma jembe.

"Kwanza bomoa ule ukingo wako," alisema. "Wote, hadi tuone ardhi yenyewe."

Imma akaubomoa mbele ya watu, na hakuna kazi ya jembe aliyowahi kuifurahia kama ile. Kisha fundi akampa fimbo. Imma akashuka mtaroni, akaisimamisha juu ya udongo wa kweli, akainua macho. Ncha ya fimbo ilikuwa chini ya ukingo.

"Haichungulii!" alipiga kelele. "Fundi, haichungulii!"

Bomba likashushwa kutoka kwenye gari, likalazwa juu ya mchanga, likafunikwa. Gari liliondoka Kumbanga likiwa tupu, na hivyo ndivyo walivyotaka liondoke.

Tangi lilipokamilika, mtaa ulikusanyika tena. Fundi Gasper alifungua koki. Kwanza ulitoka upepo, kisha kikohozi cha maji ya rangi ya kutu, kisha yakaja maji meupe, mengi, yakigonga ndoo ya kwanza kwa kishindo. Wanawake wakapiga vigelegele, na watoto wakalowa makusudi.

Katikati ya shangwe hiyo lori la maharage likaja, limejaa hadi juu, likasimama kabla ya kona. Dereva alichungulia dirishani. Alikuwa amesikia habari za bomba, akaogopa.

"Nipite, jamani? Nisije nikawavunjia kitu."

Watu wakatazamana, kisha mmoja mmoja wakageuka kumtazama Imma. Alitembea hadi kwenye kona, akasimama karibu na pale bomba lilipopita, akampungia dereva mkono.

"Pita, mjomba! Pita tu!"

Lori likanguruma. Magurudumu ya mbele yakapita, ya nyuma yakafuata, ardhi ikatetemeka chini ya miguu ya Imma. Wote wakageukia kwenye koki. Maji yalikuwa yakitoka vilevile, bila kupungua hata kidogo. Zikapigwa kelele kubwa kuliko za mara ya kwanza, na mzee Dadi akamnyanyua Imma begani ingawa mgongo wake, kwa maelezo yake mwenyewe, ulikuwa mbovu tangu ujana.

Bi Philomena aliwanyamazisha watu.

"Watoto, sogeeni karibu," alisema. "Na wakubwa, msikilize kama watoto. Imma alikosa, na hapa hatusifu kosa. Alikwama akanyamaza, akadanganya fimbo, na nusura tukose maji. Lakini angenyamaza hadi mwisho, leo lori hili lingekuwa limelipasua bomba, na mwezi ujao tungekuwa tunauguzana. Alisema ukweli siku ambayo ukweli ulikuwa mgumu kusema. Basi ukikwama, sema. Ukikosea, sema mapema, kabla kosa halijafukiwa likawa la watu wote. Nasi wakubwa tumejifunza letu. Halmashauri imeleta bomba, lakini bomba halina jirani; jirani ni sisi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kuanzia leo, kazi ya mtaa haidaiwi mtungi. Anayeshindwa kipande chake, tunakwenda kabla hajaita."

"Tumekubali!" watu wakajibu.

Bibi Maximilla alisogea mbele na ndoo yake. Foleni nzima ikampisha. Imma alitaka kumpokea, lakini Bibi akakataa kwa mkono. Aliitega ndoo chini ya koki mwenyewe, akasubiri hadi ikajaa, akamwagia Imma kiganja cha maji usoni, na wote wawili wakacheka.